Saba Waliopotea

Julai, Tukuyu. Ukungu umekaa dirishani
kama mgonjwa asiyepewa namba.
Tumewasha jiko chumba cha nyuma ya maabara,
watu wanne, makala moja, nakala moja,
maana wino wa printa umekwisha
na ukurasa wa sita umetoka na michirizi.

"Msianze na muhtasari," anasema Ambakisye,
anayepima damu tangu enzi za mashine za kuzungusha kwa mkono.
"Muhtasari ni mposaji.
Atakuhesabia ng'ombe, hatakutajia madeni.
Nenda kwenye jedwali. Huko ndiko kwake,
ukaone kama paa linavuja."

Basi nakwenda kwenye jedwali.
Wajawazito mia nne na kumi na wawili,
mashamba ya chai, vidonge vya madini ya chuma.
Nusu waliambiwa: meza, subiri saa mbili, ndipo unywe chai.
Nusu hawakuambiwa kitu.
Tofauti ya damu: nukta tatu ya gramu.
Thamani ya p: sifuri nukta sifuri sita.

Lwitiko, aliyerudi juzi na shahada ya pili,
anasoma kwa sauti: "Kuna mwelekeo wa kutia moyo."
Ambakisye anacheka mpaka anakohoa.
"Mwelekeo! Basi la Mbeya likiharibikia Kiwira
nalo lina mwelekeo."

Mimi sicheki. Jicho limenasa chini ya jedwali,
kwenye herufi ndogo kama mayai ya chawa:
"Waliopotea katika ufuatiliaji: saba."

Saba hao nawajua.
Ni mimi niliyebeba dodoso
ndani ya mfuko wa sukari, mvua isipenye,
na kalamu ya risasi, kwa kuwa wino hulia kwenye ukungu.
Nilipanda hadi Isongole kumtafuta namba 208.
Ukucha wa kidole gumba ulibaki njiani.
Nilimkuta kainama kwenye tuta la viazi,
mtoto mgongoni, na jembe halikusimama.

"Tumpe, umepotea."
"Nimepotea wapi? Hapa ni kwetu.
Anayeuliza njia ndiye aliyepotea."

Nikamuuliza kuhusu vidonge.
Akasema chai ndiyo kifungua kinywa,
sukari yake ndiyo inayomfikisha tuta la nne;
saa mbili bila chai, nani angemlimia?
Dodoso lilikuwa na visanduku viwili:
ndiyo, hapana.
Akanipa viazi vitano. Nikasema ndaga,
na sikujua niviandike safu gani.
Tena nilikuwa nimechelewa siku tatu.
Hesabu zilishafungwa. Tumpe niliyemwona,
niliyemshika mtoto wake kichwa,
alibaki amepotea.

Sasa naandika barua kwa mhariri wa jarida.
Isizidi maneno mia tatu.
Lwitiko ananisahihisha kwa wino mwekundu.
Nilipoandika "nilitembea"
yeye kaandika "ufuatiliaji ulifanyika".
"Na nani?" nauliza.
"Sayansi haina miguu," anajibu, wala hatanii.

Nakata. Naandika. Nakata tena.
"Washiriki saba walipotea." Hapana.
"Watafiti hawakuwafikia washiriki saba."
Hii angalau ina watu pande zote mbili.
Lakini si saba.
"Washiriki sita hawakufikiwa. Wa saba alifikiwa
akichimba viazi, siku tatu baada ya sisi kufunga hesabu,
na alikuwa na sababu ambayo hatukuiwekea kisanduku."

Hilo la viazi Lwitiko atalifuta, najua.
Nitalirudisha.

Ambakisye anageuza ukurasa wa sita,
anausogeza karibu na makaa
atafute mstari uliojificha kwenye michirizi.
Kahesabu jina la kila daktari aliyeandika: kumi na moja.
Mwishoni kabisa, neno moja la shukrani,
kwa "wakusanyaji data".
"Huyu ni wewe," ananiambia, kidole juu ya herufi r.

Birika limechemka.
Tunamimina, tunakunywa ya moto hivyohivyo.
Hakuna aliyetazama saa.